TANGU LINI? SWALI LA KUMUULIZA MZAZI KABLA YA KUMHUKUMU MTOTO



Katika ukurasa huu tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali moja ambalo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna uzima wa watoto wetu. Swali ni hili: mtoto akiwa na shida, ni nani mwenye haki ya kusema shida hiyo ni nini? Je, ni mwalimu anayemwona darasani? Ni jirani anayesikia kelele usiku? Ni shemasi, ni mchungaji, ni nabii? Au ni baba na mama waliomlea? Na sisi tulio nje ya nyumba hiyo, tukitaka kumsaidia mtoto, tuanzie wapi?

Jibu letu tunalitoa tangu mwanzo ili msomaji ajue tunakokwenda. Tunasema kwamba mtu yeyote asiseme neno la kukata juu ya mtoto kabla hajakaa na wazazi wake na kuwasikiliza. Wengi huona kwamba kuwauliza wazazi ni adabu nzuri tu, jambo la kufanya ukipata nafasi. Sisi tunaona ni deni. Mtu mzima akisemwa vibaya anaweza kusimama na kujitetea. Mtoto wa miaka sita hawezi. Wanaoweza kusema kwa ajili yake ni wale waliomwona tangu siku ya kwanza. Ukiwapita wao, umemhukumu mtu asiye na shahidi.

Tunaposema mzazi, hatusemi yule aliyezaa peke yake. Kwetu watoto wengi wanakaa kwa nkambo, kwa shangazi au kwa mjomba, kwa sababu ya vita, ya kifo, au kwa sababu baba na mama wamekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo. Anayeamka usiku mtoto akilia, huyo ndiye mzazi tunayemsemea hapa.

Tuangalie kwanza namna mambo yanavyotendeka. Mtoto anaanza kuwa tofauti na wenzake. Darasani hafuati. Mwalimu anasema ni mvivu. Direkta anasema ni kichwa kigumu. Kwenye bomba la maji, wamama wanaongea juu yake. Siku ya maombi jina lake linatajwa. Habari inazunguka kartieri nzima, kila mmoja anaongeza neno lake, na inapofika mlangoni kwa wazazi imekwisha kuwa hukumu. Wazazi wanaulizwa mwisho, na mara nyingi hawaulizwi bali wanaambiwa tu: mtoto wenu ni hivi.

Sasa tufungue Injili ya Marko, sura ya 9. Baba mmoja alimleta mwana wake aliyekuwa anaanguka chini, anatoa povu na kukakamaa. Wanafunzi wa Bwana walijaribu, wakashindwa. Bwana alipofika alikuta watu wengi wamekusanyika, na waandishi wanabishana na wanafunzi. Mtoto aliletwa mbele yake, naye akaanguka pale pale. Alifanya nini Bwana kwanza? Alimgeukia baba akamuuliza jambo hili limempata mtoto tangu lini. Baba akaeleza kwamba ni tangu utoto, na kwamba mara nyingi mtoto ameangushwa motoni na majini.

Ndugu wapendwa, tulisome jambo hili polepole. Katika habari hiyo pepo mchafu ametajwa wazi. Na Bwana ambaye tunaamini anajua yote hakuhitaji kufundishwa na mtu. Hata hivyo aliuliza. Katikati ya mabishano alimpa baba nafasi ya kusema, na kilichotoka kinywani mwa baba yule kilikuwa kitu ambacho wale waliokuwa wanabishana hawakuweza kukijua kwa kumtazama mtoto tu: mwaka ulipoanza, na mahali penye hatari. Moto na maji. Hata leo muuguzi anayejua kazi yake atawapa wazazi wa mtoto mwenye kifafa onyo lile lile: msimwache peke yake karibu na moto wa kupikia, wala ziwani, wala mtoni.

Hapa kuna kitu ambacho wazazi wanacho na sisi hatuna. Mwalimu, jirani na mtumishi wa Mungu wanamwona mtoto jinsi alivyo leo. Mzazi ana habari yake yote. Anajua kama alizaliwa akalia au hakulia. Anajua alitembea akiwa na miezi mingapi, aliugua nini, ni nani aliyekufa katika nyumba mwaka ule. Wazee walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tuchukue mifano mitatu tuone jinsi habari hiyo inavyoweza kugeuza hukumu.

Mfano wa kwanza ni mtoto anayesemwa kuwa hasikii la mtu. Anaitwa, haitiki. Anatumwa chumvi, analeta sabuni. Mwalimu anamchapa fimbo kwa sababu ya dharau. Lakini kaa na mama umuulize tangu lini. Anaweza kukuambia kwamba mtoto alikuwa anaitika vizuri mpaka siku alipougua surua, au homa ya uti wa mgongo, au masikio yalipoanza kutoka usaha na hayakukauka. Magonjwa hayo yanaweza kuharibu masikio. Hata dawa nyingine, kama kwinini kwa kipimo kikubwa au sindano za gentamisini, zinaweza kuyadhuru. Mtoto wa namna hiyo mara nyingine anasikia sikio moja tu, au anasikia ukiwa karibu na hasikii ukiwa mbali. Ndiyo maana watu wanasema anasikia pale anapotaka. Mtoto huyo anahitaji kupelekwa kwenye kituo cha afya, kuketishwa kwenye benchi ya mbele, na mwalimu anayemtazama usoni anapomwambia neno. Fimbo haifungui sikio.

Mfano wa pili unatoka upande mwingine wa nchi yetu, huko Kwango, lakini mafundisho yake yanafaa kila nyumba inayokula bukari ya muhogo. Katika eneo la Kahemba kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Jina hilo ni la lugha ya Kiyaka, nalo lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake tangu mwaka 1938. Mtoto aliyelala mzima anaamka miguu imekakamaa, na tangu siku hiyo anatembea kwa shida, au hatembei tena bila fimbo. Watoto na wamama ndio wanaopatwa zaidi. Jambo la ghafla namna hiyo, tunajua sote watu watasema nini: ni nani aliyemfunga mtoto huyu miguu?

Lakini swali la kumuuliza mama ni lingine: muhogo wenu mliuloweka siku ngapi? Muhogo mchungu una sumu. Ukilowekwa majini siku 3 au zaidi, sumu hiyo inatoka. Wakati wa njaa, au wakati muhogo unatakiwa haraka sokoni, watu hupunguza siku, wanauloweka siku moja tu. Na kama nyumbani hakuna maharagwe, samaki wala nyama, mwili hauna nguvu ya kuondoa sumu iliyobaki. Ndiyo asili ya konzo. Miguu iliyokwisha kukakamaa hairudi kama zamani, lakini wadogo wa mtoto huyo wanaweza kuokolewa. Huko Kahemba wamama wamefundishwa pia kulowesha unga kwa maji, kuutandaza mwembamba, na kuuacha saa 2 juani au saa 5 kivulini kabla ya kuupika siku ile ile, ili sumu itoke. Angalieni basi: swali moja lililoulizwa kwa upole linaokoa watoto wa nyumba nzima, na jirani mzee aliyekuwa anaogopewa anabaki na amani yake.

Mfano wa tatu wazazi wengi wanaona haya kuusema: mtoto anayekojoa kitandani. Hili ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo, na kwa wengine linaendelea miaka mingi baada ya kuanza masomo. Mara nyingi ni jambo la ukoo. Ukimuuliza baba faraghani, anaweza kucheka kidogo na kukubali kwamba hata yeye alikuwa hivyo mpaka alipokuwa kijana. Lakini kama mama anasema mtoto alikuwa ameacha kabisa, kisha akaanza tena, basi uliza tena: alianza tena lini? Labda ni baada ya msiba. Labda ni baada ya kukimbia vita. Labda kuna mtu anayemtisha au kumtendea vibaya. Labda ni ugonjwa, na inafaa apimwe. Kitanda chenye maji kinaweza kuwa neno ambalo mtoto hawezi kulisema kwa kinywa.

Tumetaja mfano huu kwa makusudi. Katika nchi yetu, tangu miaka ya 1990, watoto wengi wameitwa walozi huko Kinshasa, Mbuji-Mayi na miji mingine, na miongoni mwa alama zilizotajwa juu yao ni hizi hizi: kukojoa kitandani, kifafa, kilema, kuota ndoto mbaya, ukaidi, kufiwa na wazazi. Wengi wamefukuzwa nyumbani, wakaishia sokoni na barabarani. Na tuseme ukweli bila kuuzunguka: mara nyingi neno hilo lilithibitishwa mahali pa maombi. Kwa hiyo swali letu la leo si la walimu na majirani peke yao. Linatugusa sisi tunaovaa nguo za kazi ya Mungu.

Sasa tunajua kwamba wako ndugu watakaotupinga. Tuyasikilize maneno yao.

Wa kwanza atasema: Roho anafunua, basi kwa nini kuuliza wanadamu? Tunajibu kwamba tumekwisha kuona Bwana mwenyewe akiuliza. Tena mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike kwamba wasidharau unabii, lakini hapo hapo akawaagiza kupima. Mkumbuke pia kuhani Eli katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alimwona Hana akichezesha midomo bila sauti, akadhani ni mlevi. Alikuwa mtu wa madhabahu, lakini jicho lake lilimdanganya. Hana alipomweleza uchungu wake, Eli hakuona haya kubadilisha neno lake, alimbariki. Kuuliza hakupunguzi heshima ya mtumishi. Kinachoipunguza ni kusema neno zito juu ya mtoto, halafu kituo cha afya kikaonyesha kwamba ilikuwa sikio.

Wa pili atasema: wazazi wanaficha. Ni kweli, wanaficha. Lakini tujiulize wanaficha kwa sababu gani. Mama anajua kwamba akisema mtoto anaanguka kifafa, kesho watoto wa jirani watakatazwa kula naye, kwa sababu watu wanaamini povu linaambukiza, na haliambukizi. Anajua ukoo wa mume utasema ugonjwa umetoka upande wake. Basi ananyamaza. Mtu anayefichwa ukweli na ajichunguze kwanza kama yeye ni mtu wa kuambiwa ukweli.

Wa tatu ana neno gumu kuliko wote. Atasema: mara nyingine wazazi ndio wanaomshitaki mtoto, basi kuwasikiliza kuna faida gani? Hapo ndipo swali la Bwana linapofanya kazi zaidi. Baba akisema mtoto huyu analeta balaa nyumbani, usimbishie haraka wala usimkubalie. Muulize: tangu lini? Atahesabu. Ni tangu nilipopoteza kazi. Ni tangu mama yake alipokufa. Ni tangu mke mwingine alipoingia. Akisema hivyo kwa kinywa chake, tarehe inaonyesha kwamba shida ni ya nyumba, na mtoto ametwikwa mzigo wa wakubwa. Kuna wazazi ambao hawajawahi kusikia mtu akiwauliza juu ya kazi iliyopotea au juu ya msiba wao. Walikuja na jina la mtoto kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo watu walikuwa tayari kulisikiliza.

Lakini tusijidanganye. Kumsikiliza mzazi si kumpa mtoto mikononi mwake afanye analotaka. Kama mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anachomwa au anafukuzwa, mazungumzo hayatoshi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwa ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu mashitaka hayo, nayo ndiyo iliyoweka mahakama za watoto. Shemasi anayenyamaza mbele ya mtoto anayeteswa hawezi kusema kwamba alikuwa anaheshimu wazazi.

Tuseme sasa namna ya kuuliza, maana swali jema likiulizwa vibaya linakuwa fimbo.

Kwanza, nendeni nyumbani, wala msiwaite wazazi mbele ya kusanyiko. Chagueni saa ambayo mama hayuko sokoni na baba amerudi kazini. Waulizeni wote wawili kama wapo. Tusimwachie mama peke yake kila swali kana kwamba mtoto hana baba.

Pili, anzeni na yale mema. Muulizeni mzazi mtoto anapenda nini, anacheka wakati gani, anasaidia kazi gani. Mzazi aliyezoea kusikia mabaya ya mtoto wake atashangaa, na moyo wake utafunguka. Tena majibu hayo yatawafaa: mtoto aliyeshindwa hesabu lakini anajua kutengeneza redio ameonyesha mlango wa kumwingilia.

Tatu, ulizeni maswali ya wazi. Tangu lini? Inatokea saa gani, na saa gani haitokei? Mmekwisha kujaribu nini? Mnaogopa nini? Kisha nyamazeni. Jibu la kweli mara nyingi halitoki mara ya kwanza. Linatoka wakati wa kuagana mlangoni.

Nne, mtoto naye asikilizwe. Si mbele ya watu wote, bali mahali anapojisikia salama, akiwa na mtu anayemwamini. Yusufu na Maria walipomkuta Yesu hekaluni baada ya siku tatu za kumtafuta, mama alimuuliza mtoto kwa nini ametenda hivyo, akamwacha ajibu. Luka anasema wazi kwamba hawakulielewa jibu lake. Lakini Maria aliliweka moyoni. Jibu la mtoto likikushinda kulielewa leo, liweke. Siku moja litakusaidia.

Tano, mliloambiwa likae kwenu. Siri ya nyumba ya mtu isigeuke mfano wa mahubiri ya Jumapili, hata bila jina, kwa sababu kartieri ni ndogo na watu wanajua kuhesabu.

Na mwisho, mkiisha kujua, mna deni. Mtu aliyeuliza habari za mtoto, akazisikia, kisha akarudi nyumbani kulala, amewachosha wazazi bure. Kama ni masikio, twende nao kwenye kituo cha afya. Kama nauli inakosekana, kanisa lichange faranga. Kama ni kifafa, wazazi wajulishwe kwamba dawa zipo, Gardenali ni mojawapo, na kwamba watu wapatao 70 kwa 100 wenye ugonjwa huo wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri na kufuata dawa kila siku. Wafundishwe kwamba mtoto akianguka, alazwe kwa ubavu, wala asitiwe kitu kinywani. Tumwombee, ndiyo, na dawa asiache. Kama ni masomo, mmoja wetu aende pamoja na mzazi kwa mwalimu, kwa sababu mzazi asiyejua kusoma mara nyingi anaogopa ofisi ya direkta. Kama ni msiba ambao haujalika vizuri, tukae nao.

Ndugu wapendwa, mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa, wala hachagui watu watakaomsema. Sisi wakubwa ndio tunaochagua: tuongeze sauti zetu katika mabishano, au tumgeukie baba na mama tuwape nafasi ya kusema. Jumapili hii, kila shemasi na kila mama wa kanisa anayesoma maneno haya amfikirie mtoto mmoja ambaye jina lake linazunguka katika kartieri yake. Kabla ya Jumapili nyingine, aende nyumbani kwao, aketi, akubali maji ya kunywa akipewa, na aulize lile swali.

Neema ya Bwana ikae katika nyumba zenu na juu ya watoto wenu wote. Amina.